Alaimenti ya goti la bandia bila roboti: picha ndefu, penseli na kalipa

Kabla hujauliza jigi (kile kifaa cha kuongoza msumeno) iko wapi, jiulize kwanza hili goti lilikuwa limekaaje kabla halijaanza kulika. Swali hilo moja ndo linaamua karibu kila kitu kwenye alaimenti, yaani mguu na goti vinavyopangwa kwenye mstari, na ndo swali ambalo wengi tunaliruka, maana tumezoea kuingia thieta tumekariri "paja digrii sita, muundi tisini, rotesheni tatu", tunakata, tunapiga simenti, tunashona, kesi inayofuata. Inafanya kazi, sikatai, tena kwa wagonjwa wengi tu. Lakini tafiti zimerudi mara nyingi na jibu linalofanana, kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya watano haridhiki na goti lake jipya, na ingawa sababu ni nyingi na alaimenti ni moja tu kati ya hizo, ni moja ambayo iko mikononi mwako.

Naandikia residenti wa mifupa, manesi wa thieta na mabingwa walioko hospitali isiyo na roboti wala kompyuta ya nevigesheni, yaani una trei ya vyuma, una eksirei, na C-arm (eksirei ya kusukuma ya thieta) ukibahatika haijaharibika. Kama hujawahi kusimama na bingwa kwenye goti hata moja basi hii isome kama maandalizi tu, usiende kuifanyia kazi peke yako. Na kama we ni mgonjwa umepita hapa, karibu, utapata maswali ya kumuuliza daktari wako.

Mstari wenyewe ni upi

Chora mstari kutoka katikati ya kichwa cha fupa la paja kule nyongani mpaka katikati ya kifundo cha mguu. Huo ndo mstari wa uzito. Pembe inayopatikana kati ya nyonga, goti na kifundo tunaiita HKA, na ikiwa 180 maana yake mguu umenyooka kabisa. Goti likitoka nje tunasema varasi, haya ndo matege ya kawaida, na magoti yakigongana kwa ndani ni valgasi.

Sasa binadamu wengi hawakuzaliwa na 180. Bellemans na wenzake kule Ubelgiji waliwapima vijana 250 wazima wa miaka 20 hadi 27, wakatoa matokeo 2012: asilimia 32 ya wanaume na asilimia 17 ya wanawake walikuwa na varasi ya asili ya digrii 3 au zaidi. Wazima hao, hawana maumivu yoyote. Kwahiyo ukimchukua mtu wa namna hiyo, akafika miaka 65 goti limelika, ukamnyoosha mpaka 180, umempa mguu ambao hajawahi kuwa nao tangu azaliwe, na ligamenti zake hazikupewa taarifa.

Jambo lingine ni kwamba hata mguu ulionyooka, laini ya goti yenyewe haijalala mlalo kamili dhidi ya ule mstari wa uzito. Kwa wastani uso wa paja umeinama digrii kama 2 hadi 3 kwa valgasi na uso wa muundi umeinama digrii kama 3 kwa varasi, zinafutana, mguu unaonekana umenyooka ila laini ya goti imeinama kwa ndani. Shika hili maana bila hili huwezi kuelewa kwanini paja linazungushwa digrii 3, ntafika huko.

Mitindo iliyopo

Mtindo wa kimekanika ndo baba yao. John Insall na wenzake pale Hospital for Special Surgery, New York, walitoa lile goti la Total Condylar 1974, na falsafa iliyokua nayo ni rahisi: kata paja nyuzi 90 kwa mstari wa uzito, kata muundi nyuzi 90, halafu legeza ligamenti mpaka zikubali. Lengo lilikuwa ile plastiki inayokaa kati ya chuma cha paja na cha muundi ibebe mzigo sawasawa pande zote mbili, isiliwe upande mmoja kama tairi la gari lililopinda ekseli. Kwa plastiki na simenti za zama zile lilikuwa wazo la busara kabisa.

Hungerford na Krackow miaka ya 80 wakajaribu wa kianatomia, muundi unakatwa na varasi ya digrii 3 ili laini ya goti ibaki imeinama kama ilivyo asili. Shida ikawa vifaa vya wakati ule havikuwa sahihi kiasi hicho, ukilenga 3 unapata 6, watu wakaogopa.

Kisha Stephen Howell, Marekani, kuanzia 2006 akaleta wa kinematiki: usibadilishe chochote, rudisha tu uso wa goti pale ulipokuwa kabla ya ugonjwa, unene wa chuma uwe sawa na unene wa kilichotoka. Ligamenti haziguswi. Vendittoli wa Montreal akauwekea mipaka, HKA ya mwisho isizidi digrii 3 kutoka 180 na kila kipande kisizidi digrii 5 kutoka 90, huo unaitwa kinematiki wenye mipaka. Wa kiutendaji ndo wa watu wa roboti, unaanza na mpango halafu unasogeza chuma kidogo kidogo kufuata ligamenti zinavyosema kabla hujakata, ni mzuri ila bila kompyuta ya kukuonyesha namba papo hapo hauendeki.

Nani kashinda? Bado ubishi. Parratte na wenzake wa Mayo Clinic walichapisha 2010 magoti 398 yaliyofuatiliwa miaka 15, yaliyokuwa ndani ya digrii 3 za 180 hayakudumu zaidi ya yaliyokuwa nje, na hiyo ilitikisa watu kweli. Lakini usiichukue kama ruhusa ya kukata ovyo, maana muundi uliokaa varasi kwa mgonjwa mzito sana bado ni njia inayojulikana ya chuma kudidimia.

Msimamo wangu: kama bado unajifunza, anza na wa kimekanika, jua kuupiga 90 unapotaka 90. Ukishaweza hapo, na unapima unene wa kila kipande cha mfupa ulichokata kwa kalipa, ndo uanze kuacha varasi kidogo kwa wale waliozaliwa nayo, ndani ya mipaka ya Vendittoli. Anayeruka moja kwa moja kwenda kinematiki huku hajui msumeno wake unakosea kwa milimita ngapi, huyo hafanyi kinematiki, anabahatisha.

Picha: hapa ndo kazi inafanyika

Omba eksirei ndefu ya mguu mzima, nyonga mpaka kifundo, mgonjwa amesimama na uzito umekaa miguu yote miwili. Nenda chumba cha eksirei mwenyewe siku za mwanzo ukaongee na yule mpiga picha, mwambie pia ya goti ndo itazame mbele, siyo vidole. Watu wengi wanapanga vidole mbele, mguu unazunguka, na mguu uliozunguka pamoja na goti lisilonyooka vizuri unaleta varasi au valgasi ya uongo. Kama mgonjwa ana goti lililokunjika haliwezi kunyooka, ile HKA unayoisoma iamini nusu tu.

Hospitali yako haina kaseti ndefu? Piga nyonga peke yake hadi goti, halafu goti hadi kifundo, pembe unazozihitaji bado zinapatikana maana paja linapimwa kwa mstari wake na muundi kwa wake. Picha fupi ya goti tu haitoshi, haikuonyeshi kama paja limepinda kule juu.

Na huku kwetu paja lililopinda lipo sana. Ajali za bodaboda zimeacha watu wengi wenye paja lililoungana vibaya, au lenye msumari wa SIGN (chuma kirefu cha kuunga mfupa) ndani ambao hakuna aliyekumbuka kuutaja kwenye historia. Waliokulia maeneo ya Arusha kuzunguka Mlima Meru kwenye maji yenye floridi nyingi wanaweza kuwa na mifupa iliyopinda tangu utotoni na migumu kuliko ulivyozoea. Mgonjwa wa siko seli mfereji wa paja lake unaweza kuwa umeziba. Wote hawa rodi ya kuingiza ndani ya paja itakudanganya au haitaingia kabisa, na hilo ulijue leo kwenye picha, siyo kesho mgonjwa akiwa wazi mezani.

Sasa chukua penseli na goniometa, kile kipima pembe. Pembe mbili tu.

LDFA: chora mstari wa uzito wa paja, kichwa cha paja mpaka katikati ya goti, halafu chora mstari unaogusa kondaili mbili za paja (yale mavimbe mawili ya mviringo mwishoni mwa mfupa) kwa chini, pima pembe ya upande wa nje. Kawaida iko 85 hadi 90.

MPTA: mstari wa muundi kutoka katikati ya goti hadi katikati ya kifundo, halafu mstari wa uso wa muundi, pima pembe ya upande wa ndani. Nayo kawaida 85 hadi 90. Kama uso wa ndani umelika mpaka mfupa umechimbika, usifuate shimo, kadiria uso ulipokuwa.

Hesabu yake ni ya darasa la tatu na inatoka kwenye CPAK, mpangilio wa kugawa magoti kwa makundi, ambao MacDessi na wenzake waliuchapisha 2021. Toa: MPTA kasoro LDFA, unapata mguu ulivyokuwa kabla ya ugonjwa, hasi ni varasi, chanya ni valgasi, kati ya hasi 2 na chanya 2 unahesabika umenyooka. Jumlisha: MPTA na LDFA, unapata mlalo wa laini ya goti, 177 hadi 183 ni mlalo sawa, chini ya 177 laini imeinama kwa ndani. Uzuri wa hii hesabu ni kwamba haigusi ule uwazi wa goti uliotokana na gegedu kuisha na ligamenti kuvutika, kwahiyo hata goti lililooza linakuambia lilivyokuwa zamani.

Mfano. LDFA 88, MPTA 84. Ukitoa unapata hasi 4, huyu ana varasi ya asili. Ukijumlisha 172, laini imeinama. Na kwenye picha leo HKA yake inasoma varasi 11. Maana yake digrii kama 7 ni ugonjwa na 4 ni zake mwenyewe. Ukimpeleka 180 hujaondoa ugonjwa tu, umeondoa na asili yake.

Thibitisha kwa mdomo. Muulize matege yalianza lini, angalia na mguu wa pili ukoje, na kama anazo picha za ujanani amevaa kaptula au gauni fupi alete. Wanacheka lakini wanaleta, na hakuna eksirei inayokupa taarifa hiyo. Hapohapo muulize anataka goti la kufanyia nini, maana swali la kusujudu na la choo cha kuchuchumaa litakuja tu, bora lije kabla ya kisu na umjibu ukweli kwamba si wote wanaorudi huko.

Kuamua lengo, na kuliandika

Kwa huyu wa mfano una njia mbili za halali. Kimekanika: paja 90, muundi 90, na ujue kabisa utakutana na upande wa ndani uliokaza. Kwanini? Digrii moja kwenye upana wa goti, kati ya katikati ya kondaili mbili, ni karibu milimita moja kasoro kidogo. Muundi wa 84 ukikatwa 90 umechukua upande wa nje zaidi ya wa ndani kama milimita 5. Paja la 88 likikatwa 90 umechukua ndani zaidi kama milimita 2. Gepu, yaani nafasi kati ya paja na muundi baada ya kukata, goti likiwa limenyooka litakuwa jembamba upande wa ndani kwa kama milimita 3, na hizo ndo utazilipa kwa kulegeza ligamenti. Njia ya pili, wenye mipaka: muundi 87, paja 90, mguu unaishia varasi 3, deni la ligamenti linakuwa dogo sana.

Nani asiachiwe varasi? Mwenye uzito mkubwa sana, mwenye mfupa laini, mwenye ligamenti ya pembeni iliyokatika, mwenye ugonjwa wa neva kwenye goti, na yule ambaye upindo wake umetoka kwenye kuvunjika au upasuaji wa zamani, maana hiyo siyo asili yake. Hao wote 90 kwa 90. Na kama upindo uko kwenye paja lenyewe mbali na goti, chora mstari wako wa kukata kwenye picha uone unapita wapi, ukiingia kwenye mashiko ya ligamenti za pembeni basi hilo goti halitibiki kwa kukata ndani ya goti peke yake, linahitaji kunyoosha mfupa kwanza, na pengine linahitaji rufaa.

Andika namba zako kwenye karatasi, bandika ukutani thieta karibu na picha. Nesi akijua unataka muundi 87 atakushtua akiona umefunga jigi ya 90. Imeokoa watu.

Paja

Kama umechagua 90, pembe ya kuweka kwenye jigi siyo 6 ya kukariri, ni ile uliyoipima kwenye picha ndefu kati ya mstari wa uzito na mfereji wa paja. Wengi wanaangukia 5 hadi 7, mfupi mwenye nyonga pana anaweza kuzidi, mrefu anaweza kuwa pungufu.

Tundu la rodi linaingia milimita chache mbele ya dari la uwazi wa kati ya kondaili, kidogo kwa ndani ya katikati. Ukikosea tundu kwenda pembeni rodi inalala kiubavu na digrii zako zote zimeharibika, kwahiyo kabla ya kutoboa angalia kwenye picha mstari wa mfereji ukishuka unatokea wapi. Toboa tundu kubwa kuliko rodi, nyonya uboho kwa sakshen, ingiza taratibu, mafuta yakisukumwa kwa presha yanaenda kwenye mapafu na hapo mtu wa nusu kaputi ndo atakuwa wa kwanza kukuambia mambo si mazuri.

Rodi haiingii? Kabla ya kufunika mgonjwa, tumia C-arm kutafuta katikati ya kichwa cha paja na ubandike elektrodi ya ECG (kile kibandiko cha kupimia moyo) juu ya ngozi hapo. Ukishafunika utaipapasa kupitia shuka, weka rodi ndefu ya nje kutoka katikati ya goti ilenge hiyo elektrodi. Ni ya kienyeji lakini ni sahihi kuliko kupapasa mfupa wa mbele wa nyonga na kukadiria vidole viwili kwa ndani.

Muundi

Jigi ya nje ndo rafiki. Kosa lake la kwanza ni kule chini: katikati ya kifundo siyo katikati ya vile vifupa viwili unavyovipapasa, iko milimita kama 3 hadi 5 kwa ndani ya hapo. Ukilenga katikati ya vifupa unamkata varasi bila kujua. Kosa la pili, watu wanafuata ukingo wa mbele wa muundi. Muundi ukiwa umepinda ukingo unakupeleka pabaya, we fuata juu na chini tu, katikati ya goti na katikati ya kifundo.

Kosa la tatu halionekani na ndo linanikera zaidi nikiona mtu anafunga jigi haraka. Mteremko wa mkato wa muundi kwenda nyuma, tuseme umeweka digrii 5. Ikiwa jigi imezunguka kwenda nje, ule mteremko haushuki tena moja kwa moja nyuma, unashuka nyuma na ndani, na hiyo ni varasi umejipa mwenyewe. Ikizunguka kwenda ndani unapata valgasi. Kadiri mteremko ulivyo mkubwa ndo kosa linavyokua. Kwahiyo funga mzunguko kwanza, mteremko baadaye. Na mteremko kiasi gani, soma kitabu cha kampuni ya implanti yako, yaani hilo goti la bandia: goti linalobakiza ligamenti ya nyuma huwa linataka zaidi, kama 3 hadi 7, linaloiondoa linataka kidogo, 0 hadi 3, na baadhi ya plastiki tayari zina mteremko wake ndani, usijumlishe mara mbili.

Mzunguko

Hapa ndo pia ya goti inapopona au kufa. Kwenye mtindo wa kimekanika umekata muundi 90 wakati asili ilikuwa 87, kwahiyo goti likikunjwa gepu linakuwa pana kwa nje na jembamba kwa ndani. Ili liwe mstatili paja linazungushwa kwenda nje digrii 3 dhidi ya mstari wa kondaili za nyuma. Basi, hiyo ndo siri ya zile 3, siyo amri kutoka mbinguni. Ukiacha muundi 87 deni hilo halipo, na ukiendelea kuzungusha 3 umetengeneza shida upande wa pili. Kwenye kinematiki mzunguko ni sifuri dhidi ya kondaili za nyuma.

Goti la valgasi ni mtego: kondaili ya nje kwa nyuma mara nyingi ni ndogo, ukipima 3 kutoka hapo unaishia umezungusha kwenda ndani. Chora mstari wa Whiteside, kutoka chini kabisa ya mfereji wa pia mpaka katikati ya uwazi wa kondaili, na papasa epikondaili mbili (vinundu vya pembeni mwa paja) upate mstari wake, mistari hiyo miwili ikikubaliana kata, isipokubaliana simama.

Muundi nao, chora mstari kutoka katikati ya mashiko ya ligamenti ya nyuma hadi ukingo wa ndani wa kano ya pia pale inaposhika mfupa, wanauita mstari wa Akagi. Usifuate ukingo wa nyuma wa muundi kisa chuma kimefunika mfupa vizuri, kufunika vizuri kunavutia kukizungusha kwenda ndani, na chuma cha paja na cha muundi vyote vikienda ndani kidogokidogo vinajumlishana mpaka pia inachomoka.

Kalipa

Venia kalipa ya chuma inayopita otokilevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke. Bei yake ni ndogo kuliko chochote kingine kwenye ile trei na kwa maoni yangu ndo kifaa cha maana kuliko vyote humu.

Kila kipande cha mfupa kinachotoka, pima unene. Wa kinematiki wana hesabu yao: chuma cha paja kikiwa na unene wa milimita 9 chini, msumeno unakula kama 1, kwahiyo kondaili isiyolika itoe kipande cha 8, na iliyolika gegedu lote itoe 6, maana gegedu lilikuwa kama milimita 2. Kubali kosa la nusu milimita. Kikitoka chembamba kata tena kidogo. Kikitoka kinene usijifanye hujaona, gepu hilo litajazwa na simenti au kurekebishwa kwenye jigi kabla ya mkato unaofuata.

Hata ukiwa kwenye kimekanika, pima. Kwa mfano wetu wa kimekanika tulisema muundi nje itazidi ndani kama milimita 5, na ukiongeza gegedu na mfupa uliolika kwa ndani itazidi zaidi ya hapo. Vipande vikitoka sawa kwa sawa, mkato wako siyo 90, haijalishi jigi inasemaje. Umegundua kabla ya simenti, bado una nafasi.

Gepu, na kuzuia mkono usikimbilie ligamenti

Toa osteofaiti (vinundu vya mfupa vilivyoota kwa ugonjwa) zote kwanza, hasa za ndani ya muundi na za nyuma ya paja, zinainua ligamenti na kuikaza kwa uongo. Halafu weka spesa, kile kipande cha kupimia gepu, goti limenyooka, kisha limekunjwa 90. Limekaza kote kote, muundi unahitaji kukatwa zaidi. Limekaza likinyooka tu, tatizo ni paja chini au kapsuli (mfuko wa goti) ya nyuma. Limekaza likikunjwa tu, angalia saizi ya chuma cha paja na mteremko. Limekaza upande wa ndani tu, rudi kwenye karatasi yako ukutani: ni zile milimita 3 ulizozitegemea au ni zaidi? Kama ni zaidi, kagua mkato kabla ya kugusa ligamenti, maana mkato wa varasi au valgasi uliokosewa ukiutibu kwa kulegeza ligamenti una makosa mawili sasa. Na hata zikiwa ni zile ulizotegemea, kukata tena muundi digrii 2 kwa varasi, ndani ya mipaka, mara nyingi ni upole zaidi kwa mgonjwa kuliko kuichubua ligamenti ya ndani.

Upande wa ndani uachie ulegevu wa milimita 1 au 2, wa nje unaruhusiwa kuzidi kidogo, hasa goti likikunjwa. Goti la asili nalo liko hivyohivyo.

Weka implanti za majaribio, funga rodi ya kuhakiki, ipite kwenye elektrodi juu na katikati ya kifundo chini. Kama lengo ni varasi 3 rodi haitapita katikati ya goti, itapita kidogo kwa ndani, usishtuke. Kunja goti bila kushika pia kwa kidole, ikae yenyewe. Ikiruka nje, fungua tonikei (mkanda wa kuzuia damu pajani) kwanza uangalie tena, kabla hujaanza kulaumu mzunguko.

Baada ya hapo

Kwenye ripoti ya upasuaji andika LDFA na MPTA za kabla, lengo lako, unene wa kila kipande, na kila ligamenti uliyoigusa. "Goti limewekwa, mgonjwa yuko salama" hiyo siyo ripoti. Picha ndefu rudia mgonjwa akishaweza kusimama na kulinyoosha goti vizuri, wiki ya sita hivi, siyo siku ya pili akiwa bado amelikunja kwa maumivu maana utasoma namba za uongo ukajisifu au ukajilaumu bure. Pima pembe zilezile mbili kwenye chuma, ziweke kando ya namba ulizobandika ukutani, na ukiona muundi wako kila mara unatoka digrii 2 varasi kuliko ulivyolenga, anza kuchunguza pale unapofunga jigi kwenye kifundo.